Paswadi ya Kikundi

Mwenzangu nilimfundisha mimi mwenyewe kukata mkono wa puto, ule unaofura begani. Kwa hiyo siku nilipouona mkono ule kwenye tovuti yake, umevaliwa na msichana mrefu anayecheka, damu ilinichemka. Ulikuwa wivu, na sitautafutia jina la heshima.

Tulikuwa tukishona kwenye baraza moja mtaani Kasubi, cherehani yangu huku, yake kule, na katikati meza ya kukatia. Sote wawili tulitoka Kongo ya mashariki, ila mimi nilitangulia kuhamia kwa miaka sita. Alipofika hakujua hata kumpima mteja kifua. Nilimpa kiti, nikampa mkasi wangu wa pili, nikamwonyesha jinsi libaya, ile blauzi yetu ya kitenge, inavyokatwa ikakaa kiunoni bila kumbana mwenyewe. Aliniita dada, nami nilipenda kuitwa hivyo mbele ya wateja.

Barua pepe tulifunguliwa siku moja, kina mama watano wa kikundi cha kanisa, mimi na yeye tukiwamo. Mwenye kafe ya intaneti alikuwa mzee wa kaskazini, karani wa polisi aliyestaafu, na sote tulimwita Afande. Alituuliza kila mmoja anataka paswadi gani ya kufungulia barua zake. Tukatazamana. Sisi tukienda harusini huvaa kitenge kimoja, msibani kimoja, na anayejitenga na sare ya wenzake husemwa mpaka Pasaka. Mmoja wetu akasema basi na paswadi iwe moja, jina la kikundi na mwaka tulipokianzisha. Afande alijikuna kichwa.

“Paswadi hapana yunifomu, mama,” alisema. “Lakini sawa, mimi naweka. Kila mutu atabadilisha yake huko nyumbani.”

Nyumbani kwetu kompyuta ilikuwa wapi? Miaka ile hata simu zenye intaneti zilikuwa za wakubwa. Paswadi ikabaki moja, wala hatukuona ubaya.

Tovuti mwenzangu alitengenezewa na fundi kompyuta wa mtaa wa Kabalagala, akamlipa fundi huyo kwa kumshonea nguo za harusi. Baada ya miezi michache watu walianza kumwandikia kutoka Nairobi na Kigali. Mimi niliyemfundisha nilibaki kufupisha suruali za majirani. Nilisema mbele ya kikundi chote kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wenzetu walicheka. Yeye naye alicheka, akaniambia tovuti ni kubwa, niweke na nguo zangu pale. Nilikasirika zaidi. Nani kamwambia nataka kubebwa mgongoni?

Sasa niseme lile la aibu. Kila Jumatano nilikwenda kwa Afande kusoma barua zangu mbili tatu za ndugu. Nikimaliza, niliandika anwani ya mwenzangu, nikaandika paswadi yetu, nikaingia kwake. Nilisoma kila kitu: sifa, vipimo, picha za maharusi waliovaa kazi yake. Nilijiambia kwamba sote watano tunafanya hivyo, kwamba hata yeye lazima anasoma zangu. Hapo ndipo nilipojua kwamba mama mmoja wa Nairobi anamwoza binti yake na anataka magauni kumi na mawili ya wasimamizi, yote yenye mkono wa puto. Kazi ya namna hiyo ingemtoa barazani, akapange duka lake mjini. Nilirudi nikaunguza sketi ya mteja kwa pasi.

Jumatano iliyofuata nilikuta barua kwangu. Ilisema tovuti yangu itafungwa baada ya siku mbili, na nikitaka isifungwe nibonyeze mahali fulani niandike paswadi. Tovuti gani? Nilicheka peke yangu, kicheko cha uchungu, kwamba mtu nisiyemjua ndiye aliyenipa cheo cha mwenye tovuti. Afande alichungulia begani kwangu.

“Hiyo mwizi,” alisema. “Anatupa wavu tu, apate nani apate nani. Futa.”

Nikafuta. Halafu, Afande alipoondoka, nikaingia kwa mwenzangu. Barua ile ile ilikuwa pale, neno kwa neno, bado hajaifungua. Nikaiacha hapo hapo, nikatoka.

Kesho yake alikuja mezani akiwa na wasiwasi. Alikuwa ameisoma kwenye kafe nyingine, maana Afande alikwenda kwao msibani. Fundi wa Kabalagala naye hashiki simu. Akaniuliza, kama mtu anavyomuuliza dada yake, barua hiyo ni ya kweli au ya uongo. Ningeweza kumwambia kwamba hata mimi nimeandikiwa, mimi nisiye na tovuti. Ni maneno machache tu. Nikainama, nikatunga uzi.

“Miye niko na tovuti?” nilimwambia. “Ntajulia wapi mambo yako?”

Akaenda akaandika paswadi.

Kufika Jumapili, magauni yalikuwa yameondolewa. Kwenye tovuti yake walikuwa wanawake uchi na matangazo ya kamari, na jina lake juu yao. Mama wa Nairobi aliandika mstari mmoja kwamba atatafuta fundi mwenye dini. Kanisani watu walinong’ona. Nami nilifurahi, niseme ukweli, nilifurahi mpaka wimbo wa pili, nilipogeuka nikamwona kakaa benchi la nyuma peke yake, na hakuna hata mmoja wa kikundi aliyekwenda kukaa naye. Mimi pia sikwenda.

Jumatatu asubuhi alikuja barazani macho yamevimba. Hakukaa kwenye cherehani yake.

“Dada, acha kushona,” alisema. “Twende kwa Afande.”

Nilijua amegundua, na Afande ndiye shahidi.

“Ile paswadi niliwapa wezi, njo yetu sisi wote, hata tovuti niliifungia hiyo,” akaendelea. “Wataingia na kwako. Tubadilishe yako kwanza, kisha tuwaambie na wale batatu.”

Njiani nilishindwa kunyamaza. Nilimuuliza kama kweli, miaka yote hii, hakuwahi hata siku moja kufungua barua zangu.

“Kufungua kufanya nini?” alisema. “Zile ni barua zako, dada.”

Alisema hivyo huku akiangalia magari ili tuvuke. Hakuniuliza kama mimi nimewahi kufungua zake. Nilingoja aniulize, mpaka tukafika.

Afande, aliyekuwa amerudi, alinifungulia ukurasa, akaniambia niandike neno jipya ambalo hakuna mwingine anayelijua. Mwenzangu alinivutia kiti nikakaa. Kisha akageuka, akanipa mgongo, akatazama ukutani mpaka nilipomaliza kuandika.