Wanangu wanataka kuchimba changarawe kwenye shamba la mke mwenzangu

Mhariri, naomba ufiche jina langu na la kijiji, maana huku kwetu gazeti moja likifika dukani linasomwa na mtaa mzima. Mimi ni mama wa miaka hamsini na mitano, mjane, naishi upande wa Butiama, na nina watoto watatu wa kiume. Marehemu alituacha wake wawili, mimi mkubwa na mwenzangu ambaye nitamwita Nyabuki. Yeye ni mtu wa Kiriba, kule ziwani. Mungu alimpa mabinti tu, na wote wameshaolewa.

Kwanza mjue kwamba Nyabuki si adui yangu. Ile miaka ya shida, sabuni hakuna, nguo hakuna, tulikuwaga na kitenge kimoja kizima sisi wawili. Yeye akienda mnadani mimi nabaki ndani nimejifunga gunia. Akirudi anavua, najifunga mimi, naenda zahanati. Mume wetu alikuwaga anatutania kwamba ameoa wawili lakini anatembea na mmoja. Hatukuwahi kugombana kwa sababu ya kile kitenge.

Baadaye mambo yakafunguliwa, mitumba ikaja, na malori nayo yakaja. Mkandarasi wa barabara akaona shamba langu la mlimani lina changarawe nzuri, wanangu wakaanza kuchimba. Sikatai, tumekula, tumeezeka bati. Lakini sasa shimo limefika kwenye mstari wa mkonge unaotenga shamba langu na la Nyabuki, na changarawe imeendelea kuingia kwake. Wanangu wameshapanga kila kitu. Wang'oe mkonge, njia ya lori ipite katikati ya muhogo wake, na yeye wamjengee nyumba nyingine kule bondeni ambako mvua ikinyesha maji yanasimama.

Mkubwa wao, tumwite Magesa, aliniambia, "Mama, kwa mila lile shamba ni letu. Yule mama hana mtoto wa kiume. Tunasubiri nini?"

Nikamwambia, "Mnasubiri afe." Akasema malori hayasubirigi mtu.

Sasa nisikilizeni kosa langu. Mwezi uliopita Nyabuki alienda Guta kwa binti yake aliyejifungua. Wanangu wakataka wapime upande ule kabla hajarudi. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Niliwapikia wachimbaji ugali na samaki furu, basi. Wakachimba mashimo manne kwenye muhogo wa watu, wakafurahia walichokiona, wakaondoka bila hata kufukia.

Nyabuki aliporudi alinikuta napeta mtama. Akauliza, "Dada, nani kachimba kwangu?" Mdomo ulijibu kabla sijafikiri. Nikasema labda ni muhanga, kapita usiku akitafuta mchwa.

Akaniangalia weee. Akasema, "Dada, muhanga hachimbagi shimo la pembe nne." Halafu akachukua ungo mwingine, akakaa, tukapeta wote mpaka mtama ukaisha. Afadhali angenitukana.

Siku mbili zikapita, akaja kuniambia anataka kuoa. Kwa msiokuwa wa Mara, kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume anaweza kumtolea msichana ng'ombe, akamwoa, na watoto atakaowazaa wanakuwa wa nyumba yake. Tunaita nyumba ntobhu. Nyabuki ng'ombe anao, wa mahari ya mabinti zake. Akipata mtoto wa kiume, shamba lina mwenyewe. Ila wazee wa ukoo wetu hawapitishi mpaka mke mkubwa asimame mbele yao aseme ameridhia.

Nikamuuliza, "Unaniomba mimi, baada ya yale mashimo?"

Akasema, "Nikuache wewe nimwombe nani?"

Wanangu waliposikia ikawa vita. Magesa siku hizi amebatizwa, anasema mwanamke kuoa mwanamke ni ushenzi. Mila ya kumnyang'anya anaifahamu vizuri, mila ya kumwokoa ndiyo ushenzi. Ameniambia nikisimama na yule mama nisimhesabu kama mwanangu. Wadogo zake wawili waliangalia chini. Tayari wameshamwahidi mkandarasi kwamba eneo lipo.

Nimechoka, ndugu zangu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hawa nimewazaa mwenyewe. Wote wananisalimia vizuri asubuhi na wote wananipima. Tena niseme ukweli, kwa sababu jina langu halitajwi. Tamaa siyo ya wanangu peke yao. Kuna siku nilisimama pale kwenye mkonge nikaliangalia shamba la mwenzangu, nikahesabu kichwani litatoa malori mangapi.

Wazee wanakaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Jana mmoja wao amenipita njiani akanipongeza, akasema Nyabuki ameshawapelekea neno kwamba mke mkubwa amekubali. Mimi sijampa jibu mpaka leo. Sijui ameniamini au ameniwahi, na sina uso wa kwenda kumuuliza. Ninyi mliolea wana, na ninyi mliokaa na wake wenza, nipeni neno kabla siku haijafika. Wakiniita mbele ya wazee, nisimame au nikae?