Briquet ya chef

Leo nimenyanganya mukubwa wa bureau briquet, kile kiberiti cha gaz, mu mukono!

Asubui nilifika kwake, hapa Butembo, kuweka chauffe-eau ya gaz, mashini ya kupasha maji moto. Akaniuliza: "Mama, fundi atafika saa ngapi?"
Nikamujibu: "Fundi ni miye, chef."

Tuyau, ule mupira wa kupitisha gaz, alishaikaza yeye mwenyewe. Akafungua chupa ya gaz, akatosha briquet: "Tuwashe, tuone kama inavuja."

Weee! Nikamurukia, nikamunyanganya ile briquet.

Nikafungua madirisha, nikapakaa povu ya sabuni pale alipokaza. Ikavimba, pu-pu-pu! Gaz ilikuwa inavuja.
Nikafunga gaz, nikakaza upya, nikafungua, nikapakaa tena. Hapana kitu kilivimba.

Chef ni mutu wa Kinshasa, Kinande, luga ya hapa kwetu, hajui, lakini akaniambia aksanti mu Kinande: "Wasingya, ingénieur."

Briquet yake ingali mu mufuko yangu. Munasema je, nimurudishie?