Popo wa Nyumba ya Mama

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na mwaka ule hasira zangu zote zilikuwa juu ya popo.

Walikuwa wameingia kwenye dari ya nyumba ya mama, kijijini kwetu karibu na Kithyoko, wakaifanya yao. Kinyesi chao kilidondoka kupitia mianya ya mbao hadi mezani, na harufu ilikukaba tangu mlangoni. Mama alikohoa miezi. Daktari alimwambia bila kuzunguka: popo watoke, au yeye atoke.

"Mimi sitoki," aliniambia kwenye simu. "Hii nyumba nilijenga na marehemu baba yako, tofali kwa tofali. Kama kuna wa kuhama, ni hao."

Nikamwahidi watahama. Nafanya kazi kiwanda cha simiti Athi River, nalala Syokimau, na kupata Jumamosi nzima ya kwangu ni bahati. Nikasema siku moja yatosha. Nilifika saa nne asubuhi, nikachanganya simiti na mchanga wa mtoni, nikapanda ngazi. Kila tundu chini ya mabati, hata la kupitisha kidole, nililiziba. Simiti ndiyo kazi ninayoijua, na siku hiyo nilijiona mwana wa maana.

Jirani yetu, mama mmoja aliyekuja kuleta maziwa, alisimama chini akanitazama.

"Kwani wametoka?" akauliza.

"Nani?"

"Hao popo. Saa hizi si wamelala humo ndani? Mimi wangu niliwangoja jioni, wakaenda kula wote, ndio nikafunga. Na huu ni wakati wa watoto. Ungengoja kwanza wajue kuruka."

"Mama, niko na gari la saa nane," nilimjibu, tena kwa sauti isiyo na adabu. "Kesho niko kazini. Wakifia humo, si ndio vizuri?"

"Aiya!" alisema, akachukua mtungi wake akaenda zake.

Mama alikuwa mlangoni na alisikia yote. Alinifungia ndengu za kwenda nazo, akanisindikiza hadi barabarani.

Jumanne alinipigia simu. "Wanalia," alisema. "Wanakwaruza mbao tangu ulipoondoka. Nimewasha redio na bado nawasikia."

"Watanyamaza," nikamwambia.

Na kweli walinyamaza. Kisha ukaja uvundo, hata mama akahamia jikoni, nje. Niliomba ruhusa kazini, nikarudi nyumbani, nikajifunga kitambaa puani nikaing'oa dari. Nilidhani nitawakuta wametapakaa kila mahali. La. Walikuwa wamejazana pamoja, chini ya lile tundu kubwa nililoziba mwisho, walikozoea kuona mwanga. Majike walikuwa na watoto vifuani, wamewafunika kwa mabawa. Niliwatoa kwa mikono, nikawatia guniani. Nililia, na sioni haya kusema.

Mama alikuwa ameshika ngazi chini.

"Ulikuwa unakimbilia wapi?" akaniuliza.

Hakuwa amekasirika. Ningependa angekasirika, maana hasira nazijua. Alitaka tu kujua. Nilimkumbuka yule jirani aliyeniambia ningoje.

Tuliwazika nyuma ya choo. Nilisugua kuta, nikapaka chokaa, nikaweka mbao mpya. Harufu iliisha, na kifua cha mama kikapata nafuu. Lakini hakulala tena katika nyumba ile. Alijaribu, maskini, zaidi ya mara moja. Alisema akizima taa anasikia kukwaruza, na mimi nilipomwambia juu hakuna kitu, alinijibu, "Najua hakuna." Mwisho akakunja blanketi zake, akafunga mlango, akanipa ufunguo. Popo walishindwa kumtoa mama kwake. Nilimtoa mimi.

Sasa anakaa nami Syokimau, ghorofa ya tatu. Hakuna shamba la kupalilia wala jirani wa kuleta maziwa. Jioni hukaa dirishani akiangalia juu, na siku moja aliniambia kwamba hapa kwetu hata popo hawapiti.

Asubuhi yake ya kwanza hapa nilikuwa nimechelewa, kama kawaida yangu. Nilikunywa chai wima, nikatoka mbio, nikavuta mlango wa chuma nikaufunga kwa kufuli, kwa mazoea ya mtu aliyekaa peke yake miaka mingi. Nilikuwa nimeshashuka ngazi kidogo niliposikia sauti yake, taratibu, bila ukali wowote.

"Mwanangu, mimi niko ndani."

Nilirudi nikafungua. Kisha nikakaa naye mpaka akamaliza chai yake, na kazini siku hiyo nikachelewa.