Kompyuta Haikurudi Tupu

Kompyuta yetu ilikuwa na harufu yake. Ukiiwasha, feni ilianza kwa kukohoa, kisha ikatoa pumzi ya vumbi lililopata moto, harufu iliyofanana na ya pasi ya mkaa inapogusa kanga yenye unyevu. Mwezi ule wa Ramadhani harufu hiyo ilichanganyika na ya muhogo wa nazi uliokuwa ukitokota uani, na mpaka leo nikipita mahali panapopikwa muhogo kwa tui vidole vyangu hukumbuka kibodi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Tulikaa Jang'ombe, na kompyuta iliwekwa kwenye meza ya cherehani ya mama, kwa kuwa cherehani yenyewe ilikuwa imeharibika na meza haikuwa na kazi. Mama aliifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama alivyoifunika redio na kila kitu alichokiheshimu. Baba aliipata ofisini kwao walipobadilisha mashine. Wenzake walichukua viti, yeye akachukua kompyuta, na mama alinuna siku mbili kwa sababu viti ndivyo tulivyokuwa tukivihitaji.

Haikuwaka mpaka alipokuja Mjomba Hamdu. Huyu alikuwa kitinda mimba kwao, ndugu yake mama, fundi wa kompyuta mwenye kiduka Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, chumba chembamba chenye upana wa kitanda kimoja. Alikuja Ijumaa baada ya sala, akavua kanzu, akabaki na singlendi na saruni, akaifungua mashine na kuipangusa vumbi kwa brashi ya rangi. Kisha akatia CD, tukakaa tukitazama maandishi meupe yakipanda juu ya kioo cheusi kama mchwa. Hiyo ndiyo iliyokuwa Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Nilimuuliza kwa nini si Windows, maana hilo ndilo jina nililolisikia kwa watu. Mjomba hakunicheka. Alinikalisha kwenye kigoda akanieleza kama anavyoelezwa mtu mzima. "Kitu usichoweza kukifungua ukatazama ndani, mwanangu, hicho si chako. Umeazimwa tu. Hii ndiyo yetu."

Maneno hayo niliyameza mazima. Mtoto wa miaka kumi na mmoja haamini nusu nusu. Niliyaamini kama nilivyoamini niliyofundishwa chuoni tulikosoma Kurani, na niliyasema kwa kila mtu, pamoja na wasioniuliza. Aliyechoka nayo kuliko wote ni Raya, jirani yangu wa mlango wa pili, mwenye umri kama wangu na ulimi mara mbili ya wangu. Binamu zake wa Mwanakwerekwe walikuwa na kompyuta yenye mchezo wa mpira, wenye timu za kweli na watazamaji wanaoimba. Yetu ilikuwa na karata, nyoka anayekula nukta, na pengwini mmoja anayeteleza kwa tumbo kwenye mlima wa theluji huku akiokota samaki. Mashine ilikuwa haina nguvu, kwa hiyo pengwini hakuteleza bali alikwenda kwa kigugumizi, anaruka hapa, anatokea kule. Raya aliutazama mchezo huo mara moja akauliza ni kompyuta gani hiyo isiyokuwa na mpira. Nilimjibu kwa maneno ya mjomba, kwamba ya kwao ni ya kuazimwa. Akasema bora ya kuazimwa yenye mpira.

Labda ningeshindwa na Raya, lau nisingelifungua folda la mchezo. Nililifungua kwa sababu mjomba alisema inawezekana, na nilitaka kuona kama ni kweli. Ndani nikakuta kwamba ule mlima mzima si chochote ila picha. Picha moja ya kijivu ilieleza urefu wa ardhi: palipo peupe ni juu, palipo peusi ni bondeni. Picha ya pili ilieleza wapi ni theluji na wapi ni mawe, na ya tatu ilikuwa na vidoa vya rangi, kila kidoa mti au samaki. Nikaifungua ile ya kwanza kwenye programu ya kuchorea, nikatia kidoa cheupe katikati, nikahifadhi, nikauanza mchezo. Kilima kikawa kimeota. Sijui namna ya kuieleza furaha ile bila kuonekana natia chumvi. Nilitoka mbio mpaka uani, mama akanambia kama ni njaa ya saumu nikalale, na sikuweza kumweleza.

Basi Ramadhani ile niliitumia kujenga Jang'ombe. Mtaa wetu ni tambarare, lakini pengwini hateremki kwenye tambarare, kwa hiyo niliupa mteremko ambao Mungu hakuupa. Mlango wetu niliuweka kileleni. Njia ilishuka pembezoni mwa bomba la maji, ikakata kwa Bi Mwanaidi muuza malai, zile barafu tamu za ubuyu, ikabana kwenye kichochoro ambamo watu wawili hawapishani, ikaishia chuoni kwetu. Mwarobaini wa njia panda ukawa mti wa nchi za baridi, maana mchezo haukuwa na mwingine. Samaki wa kuokota niliwapanga pale pale anapoweka meza muuza samaki. Theluji sikuwahi kuiona zaidi ya ile iliyoganda kwenye friza ya Bi Mwanaidi, nikadhani inatosha. Kila siku baada ya alasiri, koo kavu na kichwa chepesi, nilipaka kijivu juu ya kijivu, nikijaribu, nikianguka kwenye shimo nililolichimba mwenyewe, nikirudi kulifukia.

Katikati ya mwezi mjomba alikuja kufuturu kwetu, nikamwonyesha. Alikaa na kikombe cha uji wa pilipili manga mkononi, akamtazama pengwini akishuka kwa kigugumizi kutoka kwetu mpaka kwa Bi Mwanaidi, akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Akasema mashallah. Akasema nimeifungua kweli kweli. Usiku huo sikuhitaji daku, nilikuwa nimeshiba. Kesho yake nikamwahidi Raya kwamba Idi Mosi, akishavaa nguo zake mpya, ataketi kwenye kigoda changu ateremke mtaa wake mwenyewe hadi chuoni, jambo ambalo binamu zake na mpira wao hawaliwezi. Raya alisema ataona. Ahadi ni deni, na hiyo ilikuwa ahadi yangu ya kwanza kubwa.

Kumi la mwisho bibi mzaa baba akaugua huko Makunduchi, tukafunga nyumba tukaenda kumuuguza. Baba hakutaka kompyuta ibaki kwenye nyumba tupu, ikapelekwa kwa mjomba kuwa amana. Nilimwomba asiizime vibaya. Bibi alipata nafuu, alhamdulillahi, na siku ya ishirini na tisa tukarudi mjini mchana, mimi nikiwa na mpango mzima kichwani: yalibaki mawe mawili ya kutoa kichochoroni.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Mwezi wa Ramadhani sahani hutembea. Jirani akikuletea futari, sahani yake hairudi tupu. Utatia chako, na kama huna kitu utatia hata ndimu tatu au kijiko cha sukari, lakini tupu hairudi, ni aibu. Mama alitulea hivyo, na bibi mzaa mama aliwalea mama na Mjomba Hamdu hivyo hivyo. Kwa hiyo mjomba alipoingia jioni ile na kompyuta yetu mikononi, imefunikwa kitambaa chake cha kufuma kilichofuliwa na kupigwa pasi, uso unang'ara, nilipaswa kuelewa kabla hajaiwasha.

Ilipowaka ilitoa muziki. Yetu haikuwa na muziki. Likatokea anga la bluu na majani ya kijani, na juu ya majani kumejaa vijipicha, kila kimoja ni mchezo, cha mpira kimewekwa katikati kama bwana harusi. "Nshakutilia yote," alisema mjomba. "Na memori nimeiongeza, sasa inakwenda mbio. Hebu tazama."

Nilitafuta folda langu. Nilitafuta polepole, kisha haraka, kisha nikaacha. Nikamuuliza, "Na vyangu, Mjomba?"

"Vyako vipi?"

"Mlima wangu."

Alifikiri kidogo. Sikuona mtu anayeficha, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Aa, vile vijipicha vya kijivu? Diski ilikuwa lazima isafishwe, mwanangu. Utachora vyengine."

Nilimwambia yeye mwenyewe alisema Linux ndiyo yetu. Akacheka, akanishika kichwa. "Nlisema vile kwa kuwa mashine ilikuwa dhaifu. CD ya Windows nliijaribu mwanzo, ikakataa kuingia. Sasa ungekaa na kompyuta haiwaki?"

Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko. Alimwona ndugu yake amekuja na zawadi, akaniona mimi nimekunja uso mbele ya mkubwa. "Sema ahsante kwa mjomba wako," akasema.

Nikasema ahsante. Mlima peke yake ningeweza kuusamehe, kwani mikono iliyochora mara moja huchora mara mbili. Nisilosamehe ni ile imani. Nilikuwa nimeshabishana mwezi mzima, nimegombana na rafiki, nimesimama mbele ya binamu za watu wenye mpira wao, kwa ajili ya jambo ambalo aliyenifundisha hakuwahi kuliamini hata siku moja. Lilikuwa neno la fundi la kumtuliza mteja. Wahenga walituambia usisafirie nyota ya mwenzio. Hawakutuambia la kufanya nyota yenyewe ikiwa ni taa ya dukani kwa mtu.

Idi Mosi watoto wa mtaa walijaa sebuleni kwetu. Raya alikuja na gauni la waridi na hina hadi viwikoni, akaketi kwenye kigoda changu, akacheza mpira mpaka adhuhuri. Hakuniuliza habari za mlima. Alipokuwa akitoka alinambia kwa wema kabisa kwamba sasa ndiyo tumekuwa na kompyuta. Nilikwenda uani nikajifanya naosha vyombo, nikalia juu ya masufuria, na mama akadhani ni sabuni.

Nilipofika sekondari nilipata CD kwa mwanafunzi mmoja, nikairudisha Linux mwenyewe. Sikumwomba mjomba. Nimeitumia tangu hapo, na leo nafundisha kompyuta chuo kikuu kimoja upande wa Tunguu, ambako wanafunzi wamenipa jina la Bi Pengwini na wanadhani sijui. Wananiuliza michezo vipi. Nawaambia hali imebadilika: michezo mingi iliyotengenezewa Windows sasa inacheza kwangu kama imezaliwa hapo, na Raya wa siku zile asingekuwa na la kunisuta. Ipo inayonikataa mlangoni, hasa ile ya kushindana mtandaoni, inayotaka kuweka askari wake, programu ya kukuchunguza, chumbani mwako kabla hujaruhusiwa kupiga mpira. Hiyo siitaki hata ikinipigia magoti. Na mchezo ulioununua lakini unahitaji idhini ya mtu mwingine kila unapoufungua, kwangu bado ni wa kuazimwa. Sisemi hayo kwa utulivu. Nikianza kuhusu wale watengenezaji wa Linux yenyewe wanaohamisha vitufe kwenye kioo kila toleo jipya, watu niliowazoea wakiniondolea menyu niliyoizoea na kuniambia ni maendeleo, wanafunzi huanza kufunga mabegi. Wananiona mkali. Hawajui kwamba kila programu mpya ikiniambia imeniboreshea kitu bila kuniuliza, mimi huwa nimesimama Jang'ombe na kitambaa cha kufuma mkononi. Kompyuta yangu ya leo ingeweza kuendesha mlima ule mara elfu kwa mkupuo. Sikuuchora tena. Nimejaribu mara mbili, nikafika kwa Bi Mwanaidi nikaacha, kwa sababu wa kumwahidi sina.

Mwaka huu Mjomba Hamdu amenijia. Duka lake siku hizi linauza makava ya simu, macho yake hayaoni nati ndogo. Alileta laptopu yake kongwe, imeambiwa haifai kwa Windows mpya, akaniuliza kwa haya kidogo kama ile Linux bado ipo. Akasema niisafishe tu, nifanye nionavyo, ndani hamna kitu.

Nilikaa nayo siku tatu. Nilifungua kila folda. Nilikuta picha za marehemu mkewe mia kadhaa, sauti ya mama yake, bibi yangu, akimwombea dua, barua za duka lililokufa, na picha moja nyeusi kabisa iliyopigwa kwa bahati mbaya ndani ya mfuko. Hiyo nayo nilimpigia simu kumuuliza kama anaitaka. Nikanakili vyote, nikahakikisha mara mbili, nikatia Linux, nikavirudisha vyote mahali pake kwa majina yake yale yale.

Alipoiwasha mbele yangu alitabasamu, akapekua huku na huku. "Haya, sahani hairudi tupu," akasema. "Umenitilia nini?"

"Nimekutilia vyako, Mjomba."

Akatikisa kichwa kama aliyesikia utangulizi tu, akanitazama, akangoja niitaje zawadi yenyewe.