Nilivyouza kadi za ITAKAUSHA na ITAFELI kwa store ya omena, Homa Bay

Wakuu, habari za hapa jukwaani. Hii ilinipata mimi mwenyewe. Kama nadanganya, mwiba wa samaki mbuta unikwame kooni.

Miaka ya tisini nilikuwa karani kwa store ya omena, wale dagaa wa ziwani, Homa Bay. Boss alikuwa Mama Akinyi, mama mkali ajabu.

Siku moja salesman wa Nairobi akamletea teknolojia mpya: hema la plastiki la kukausha omena hata msimu wa mvua. Demo ingekuwa Ijumaa.

Mama akapenda. Alikuwa tayari kuuza boti yake kule kisiwa cha Remba anunue mahema sita.

Akaita meeting. "Mnaonaje?"

Sote: "Iko sawa, Mama."

Uongo mtupu. Tukitoka nje tunacheka.

Sasa mimi na utundu wangu nikakata makaratasi, nikaandika ITAKAUSHA na ITAFELI. Kila mfanyakazi akapata tano za kila aina. Baada ya demo, kila kadi iliyopatia nailipa mandazi moja. Iliyokosea, washia jiko. Kabla ya hapo, badilishaneni mtakavyo.

Jumatatu, ITAFELI moja ilibadilishwa na ITAKAUSHA moja.

Jumatano, ukitaka ITAFELI moja, unatoa ITAKAUSHA tatu!

Nilidhani ni akina mama wa kuanika omena tu, wanaogopa hema litawafuta kazi. Lakini Alhamisi fundi wa salesman alikuja kufunga hema, akasikia mchezo, akanivuta nyuma ya choo.

"Karani, niko na soksi mpya. Nipe ITAFELI."

"Kwani hema si lenu?"

"Ndiyo maana nataka."

Wakuu, nilivaa hizo soksi mwaka mzima.

Mchana huo huo Mama akaokota kadi mlangoni. "Yawa! Kamari kwa store yangu?"

Nilijua nimefutwa. Nikatapika yote, hadi habari ya soksi.

Akauliza: "Mpaka fundi?"

"Mpaka fundi, Mama."

Akatuma mtu amwambie mnunuzi wa boti angoje kwanza.

Ijumaa ikaamka na mawingu. Hema likatoa jasho ndani, maji yanadondokea omena tone kwa tone. Kufika jioni ilinuka hadi paka wakahama. Salesman akasema tatizo ni hewa ya ziwa. Boti haikuuzwa.

Nikaanza kulipa mandazi. Mama akapanga foleni kama wengine, akafungua fundo la leso: ITAFELI ishirini na moja. Kumbe tangu Alhamisi alikuwa anamtuma mpishi wetu azikusanye kimya kimya!

"Mama, hii si haki."

"Nyathina, mwanangu, toa mandazi."

Siku hizi vijana wa ofisi wanaita hiyo prediction market, yaani soko la utabiri, na wanafanya kwa computer. Nilichojifunza: teknolojia mpya usiiulizie kwa meeting, boss akiwa amekaa hapo mbele. Mpe mtu kitu kidogo cha kupoteza, ukweli utamtoka. Na usimruhusu boss kucheza.

Haya, nyinyi mngemlipa Mama ama mngegoma? Nasoma comments zote, hata za matusi.