Jirani Aliyekuja na Kalkulasi

Ilianza Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, saa nane na robo mchana. Saa naijua kwa sababu kaka yangu alikuwa ameniahidi kwamba nikimaliza swali la tano kabla ya saa nane na nusu atanivusha mbele, kwenye hesabu ambazo sisi wa Form Four bado hatufundishwi. Nilikuwa nimebakisha mstari mmoja tu. Ndipo geti likagongwa, na Mwaitu, mama yetu, akapaza sauti kutoka jikoni, "Fungueni! Huyo ni msichana wa hapo ng'ambo, nilimwambia aje."

Aliyeingia alikuwa binti wa jirani. Walihamia hapa Mumbuni mwaka jana kutoka kule Syokimau, mlangoni mwa Nairobi, na mama yake na mama yangu wanaimba kwaya moja kanisani. Yeye alikuwa ameanza kusomea uhandisi katika chuo kimoja hapa mjini. Alikuwa amekumbatia faili ya plastiki kifuani kana kwamba nje kunanyesha.

"Ni kalkulasi na fizikia," akasema hata kabla ya kukaa. "Zote mbili zinanimaliza. Mwalimu akiuliza nani hajaelewa, mimi naangalia viatu vyangu."

Kaka akacheka, kisha akanigeukia. "Mwiitu wa mwaitu, sogea kidogo."

Huniita hivyo, binti wa mama yangu, akitaka kitu. Nikasogea. Kiti changu kilikuwa kile cha kushoto kwake. Yeye huandika kwa mkono wa kulia, kwa hiyo ukikaa kushoto unaiona kalamu ikitembea bila mkono kukuziba. Nilihamia kigoda kilichokuwa karibu na kabati, nikawa naona kisogo cha mgeni na nusu ya sikio la kaka. Swali la tano sikulimaliza, na hakuna aliyeniuliza.

Inafaa niseme kwamba kaka hakupaswa kuwa nyumbani wakati huo. Anasoma chuo kikuu, mwaka wa tatu, lakini wahadhiri walikuwa wamegoma na wanafunzi wakaambiwa warudi kwao mpaka waitwe. Mwaitu alinung'unika kila siku juu ya mgomo ule. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo uendelee.

Kaka ana namna yake ya kufundisha. Huruhusiwi kuandika namba yoyote kabla hujalieleza swali kwa Kikamba, kama unayemweleza Susu, nyanya yetu wa Kathiani, ambaye hakuwahi kukaa darasani lakini hapitishi jambo bila kuuliza kwa nini. "Susu hajui eksi," kaka husema. "Mwambie ni nini kinachotokea." Ukieleza, yeye anageuka kuwa Susu, anakunja uso na kuuliza maswali ya kuudhi. Ukikosa jibu, unaanza upya.

Shuleni mimi siinui mkono. Hata jibu nikiwa nalo, nalifunika kwa kiganja. Lakini kwa Susu ambaye hayupo mezani niliweza kuongea bila kikomo, na kaka alikuwa akinisikiliza huku amefumba macho, halafu anasema, "Haya, sasa andika." Hakuna mtu mwingine anayenisikiliza akiwa amefumba macho.

Basi siku ile mgeni alipoambiwa amweleze Susu, nilikaa vizuri kwenye kigoda changu. Nilijua amekulia Syokimau na Kikamba chake ni cha salamu tu. Nilikuwa nangoja aanguke.

"Aki, mimi Kikamba kinanipiga chenga," akasema. "Naweza tumia Sheng?"

"Sema unavyoongea. Susu ataelewa."

Susu hawezi kuelewa Sheng hata siku moja! Mimi mwenyewe niliwahi kutumia Kiswahili kidogo tu katikati ya maelezo, kaka akanirudisha mwanzo.

"Sawa. Niaje, Susu," mgeni akaanza, na kaka akacheka kabla swali halijafika popote. "Kuna sanduku liko kwa mteremko. Linateleza. Sasa msuguano unalisukuma lishuke..."

Nikatoa kicheko kwa pua.

Kaka akanitazama. "Wewe ulipoanza uliniambia msuguano ni uzito wa ardhi. Nilicheka?"

Alikuwa amecheka, tena sana, na tulicheka pamoja. Lakini hiyo ilikuwa yetu. Sikutaka aitoe mbele ya mtu.

Ikawa kila Jumamosi. Mgeni akifika, anasema, "Mwalimu, sasa?" na kaka anajifanya kurekebisha tai ambayo hana. Mwaitu, ambaye Jumamosi hutupikia isyo, mahindi na maharagwe, akaanza kupika chapati. "Auntie, hizi chapati zitanifelisha," mgeni akasema. "Nikishiba mimi ni kulala tu." Mwaitu alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Mimi nimeishi na mama huyu miaka kumi na saba na sijui kama nimewahi kumfurahisha namna ile.

Nisieleweke vibaya. Sikudhani kuna mapenzi. Mgeni alikuwa na kijana wake chuoni, alikuwa akimpigia simu katikati ya masomo na yeye anamkatia. Lingekuwa jambo la mapenzi labda ningechoka kulifikiria. Kilichoniuma ni kalamu. Kaka akinifundisha mimi, kalamu yake haisimami, anajua nipo nyuma yake. Kwa mgeni ilikuwa inasimama. Inangoja. Anamtazama usoni, anarudia, anachora sanduku upya na mishale yake, anarudia tena. Sikuwahi kujua kwamba ana subira kiasi kile, na nilipoijua ilikuwa ya mtu mwingine.

Siku moja nikamwambia, "Nisaidie hapa, nimekwama."

"Wewe unashika haraka. Jaribu kwanza. Huyu ana kazi ya kupeleka Jumatatu."

Nikarudi kwenye kigoda. Nikajaribu, nikapata. Sikuwa na wa kumwonyesha. Nilikaa pale na jibu langu sahihi nikiwaza kwamba katika nyumba hii anayeelewa ndiye huachwa.

Basi nikaamua nisielewe.

Jumamosi iliyofuata mgeni alikuja na swali la tangi. Ni tangi lenye umbo la pia, ncha chini, na maji yanaingia kwa kasi isiyobadilika. Unaulizwa usawa wa maji unapanda kwa kasi gani yakifika kimo fulani. Kaka alitusomea sote wawili, akasema kila mtu afikirie kwanza. Mimi nililiona jibu kabla hajamaliza kusoma. Hata niliona njia fupi, kwamba huhitaji ile kanuni ndefu ya ujazo. Unachukua maji yanayoingia, unagawanya kwa eneo la uso wa maji wakati huo, basi. Nilitamani kuruka.

Nikainamisha kichwa nikasema, "Mimi hata sielewi linauliza nini."

Kaka akashangaa. "Wewe?"

"Sielewi."

Akainuka. Akavuta kiti chake mpaka kwenye kigoda changu, mgongo wake ukawa kwa mgeni. Akachora tangi. Kalamu ikatembea, ikasimama, ikaningoja. Nilisikia raha mpaka nikaona aibu. "Haya, mwambie Susu," akasema, akafumba macho.

Nikaanza kueleza kwa Kikamba, vibaya makusudi. Nikasema maji yanapanda kwa mwendo mmoja kutoka chini mpaka juu.

"Kwa nini?" akauliza kwa sauti ya Susu.

"Kwa sababu mfereji haujabadilika."

"Hm. Hebu fikiria tena."

Nikajifanya nafikiria. Nilikuwa nahesabu jinsi ya kulirefusha swali lifike jioni. Ndipo nyuma yake nikasikia sauti ikianza kwa Kikamba, Kikamba kilichopinda kila mahali, cha mtu anayevuka mto akikanyaga mawe. Ni mgeni. Alikuwa anamweleza Susu kuhusu faneli. Ukiiziba faneli chini kwa kidole, alisema, ukamimina maji, mwanzoni yanapanda mbio kwa sababu pale chini ni pembamba. Kadiri faneli inavyopanuka yanapanda polepole, ingawa mkono wako unamimina vilevile.

Kaka akafumbua macho akageuka. "Rudia!"

Akarudia. Safari hii hata alikosea kidogo na kujirekebisha mwenyewe. Kaka akapiga makofi. Mwaitu akatoka jikoni na unga mikononi, "Ni huyu anaongea Kikamba? Ni huyu wa Syokimau?" na wakacheka wote watatu. Mgeni akaficha uso kwa faili yake.

Mimi ndiye niliyemfungulia mlango huo. Kama ningejibu kama kawaida yangu, asingepata nafasi ya kufungua mdomo.

Halafu kikaja kilichonimaliza kabisa. Kaka alinigusa bega, taratibu, kama mtu anayemgusa mgonjwa. "Umeona? Usijali. Hata wewe utashika tu, polepole."

Polepole! Mimi!

Nikafunika daftari kwa kiganja kama shuleni. Ningeweza kusema. Sentensi moja tu ingetosha. Lakini mgeni alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyonizuia.

Jioni hiyohiyo, kabla mgeni hajaondoka, simu ya kaka ikalia. Mgomo ulikuwa umeisha, masomo yanaanza Jumatatu. Akasema atasafiri kesho asubuhi mapema. Mwaitu akamshukuru Mungu. Kaka akatutazama mimi na mgeni, akafurahi kwa wazo lake mwenyewe. "Si mtasoma pamoja? Wewe wa chuo, msaidie huyu mdogo wangu. Jumamosi akikwama kwa hesabu, umshike mkono."

"Hiyo ni rahisi," mgeni akasema. "Tumekubaliana, sis?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo. Kichwa changu kina tabia ya kukubali kabla yangu.

Jumapili asubuhi nilidamka nimwambie ukweli kabla hajaondoka. Nilimkuta sebuleni amevaa koti, begi mlangoni, simu sikioni. "Hapana, hapana, mshale wa msuguano unaelekea juu," alikuwa akisema. "Juu ya mteremko, eh. Haya chora." Akaninyooshea kidole kimoja, ningoje. Nikangoja. Alipokata simu bodaboda ilikuwa inapiga honi getini. Akanishika kichwa, akasema nisome kwa bidii, akaenda.

Nilisimama pale mpaka vumbi likatua. Kisha nikavaa viatu vya kanisani, ingawa saa ya kanisa ilikuwa bado, nikavuka ng'ambo nikagonga geti lao. Sijawahi kugonga geti la mtu peke yangu. Mgeni alifungua mwenyewe, nywele zimefungwa kitambaa, mswaki mkononi.

"Sis! Mapema hivi? Umekwama wapi?"

"Sijakwama," nikasema. "Niletee lile swali la tangi."

Akaleta, tukaketi kwenye ngazi ya mlango wao. Nikachukua kalamu mkononi mwake bila kuomba. Nikaandika maji yanayoingia, nikapiga mstari, nikaandika eneo la uso wa maji chini yake, nikaweka namba. Mistari mitatu. Yeye alikuwa na ukurasa mzima. Akatazama karatasi yangu, akatazama ukurasa wake, na jibu lilikuwa lilelile.

"Wewe," akasema taratibu. "Ulikuwa unajua jana?"

"Kabla hajamaliza kusoma."

"Sasa mbona ulisema..." Akaacha. Nadhani alielewa, kwa sababu akaona haya yeye badala yangu. "Nimwambie kaka yako?"

Ningesema hapana, ningeonekana mtu mzuri.

"Mwambie leo," nikasema. "Mwambie ni mistari mitatu."