Cheti cha Nyonga za Malkia

Mwalimu wangu wa darasa la tano alikuja nyumbani kuniomba msamaha kwa kosa nililolifanya mimi.

Na mimi, jamani, nikamsamehe.

Naandika haya huku uso umenishuka. Anayetaka kunitukana anitukane tu, ila asome kwanza hadi mwisho.

Mimi ni mfugaji wa mbwa. Shepadi wa damu safi, wenye hati za ukoo. Wateja walinibatiza Mama Vyeti, kwa sababu mtoto wa mbwa haondoki kwangu bila karatasi zake: chanjo, ukoo, na cheti cha nyonga za mama yake.

Hicho cha nyonga ndicho nilichokuwa nakiringia. Shepadi wengi wanasumbuliwa na nyonga. Mfupa wa paja haukai sawasawa kwenye kikombe chake, unasagika, na mwisho mbwa anajikokota. Ugonjwa wenyewe ni wa kurithi. Ndiyo maana mfugaji anayejali humpiga mbwa eksirei kabla ya kumpandisha.

Kwenye kundi letu la wafugaji mtandaoni nilikuwa moto wa kuotea mbali. Mtu akiweka picha ya vitoto vyake, wa kwanza kuandika ni mimi: "Cheti cha mama yao kiko wapi? Au ndiyo mnatuuzia vilema?"

Watu walikuwa wananiogopa. Nami nikaona raha.

Nilikuwa na majike wawili wa tumbo moja. Malkia alikuwa mzuri mpaka wapita njia wanasimama getini. Mdogo wake, aliyetoka dakika kumi baadaye, alikuwa na sikio la kushoto lililolala kama soksi. Tukamwita Sikio, nikamfunga kizazi mapema. Nani angetaka watoto wa mbwa wa namna ile?

Malkia alipofika umri wa kupandishwa, nikampeleka kwa daktari wa mifugo, mama mmoja asiyejua kupamba maneno. Akapachika picha kwenye ubao wa taa, akaitazama weee, kisha akavua miwani.

"Huyu usimpandishe."

"Lakini daktari, si unamwona anavyokimbia?"

"Anakimbia leo. Nakuambia habari za watoto wake."

Nikalipa, nikatoka. Kundini nilikuwa nimeshatangaza kwamba Malkia anapandishwa na cheti chake nitakiweka hadharani. Nianze vipi kusema kwamba Mama Vyeti naye amefeli? Wale niliowachamba wangenila mbichi.

Jumamosi nikampakia Sikio kwenye gari, nikaenda kliniki nyingine, upande wa pili wa mji.

"Jina la mbwa?" dada wa mapokezi akauliza.

"Malkia."

Nikamsomea na nambari ya hati ya ukoo ya Malkia. Hakuna aliyehakiki. Na eksirei haionyeshi masikio.

Cheti kikatoka safi kabisa: nyonga bora.

Nilipofika nyumbani, baba watoto ndiye aliyenifungulia geti. Akamwona Sikio akishuka. Akaiona karatasi mkononi mwangu imeandikwa Malkia.

"Mama, hicho ni cheti cha nani?"

"Cha mbwa," nikamjibu, nikapita.

Akafunga geti tu. Ila siku nzima hakunitazama usoni.

Malkia akazaa watoto saba. Wa kwanza kuchagua alikuwa Mwalimu, yule wangu wa darasa la tano. Alikuwa mjane tayari, na kiharusi kilikuwa kimemwachia mguu wa kulia mzito. Daktari wake alimwambia waziwazi: ukiacha kutembea kila siku, mguu huo utalala moja kwa moja.

"Peke yangu nina uvivu, mwanangu," akaniambia. "Mbwa hasikilizi visingizio. Akitaka kutoka, nitatoka."

Akakisoma cheti mstari kwa mstari, kidole kikifuata maandishi. Kisha akakikunja vizuri akakitia mfukoni mwa shati.

Mtoto wa mbwa aliyemchagua alimpa jina la Sajini, kwa jinsi alivyokaa kifua mbele.

Miezi kumi ikapita. Siku hiyo nasafisha mabakuli, namwona Mwalimu getini, fimbo mkononi, peke yake.

"Nimekuja kukuomba radhi," akasema hata kabla ya kukaa. "Nimekuharibia mbwa. Miguu ya nyuma haimbebi. Nilimwacha apande ngazi akiwa mdogo, na wewe ulinikanya."

 Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa ile pale, mkononi. Ningefungua mdomo tu.

Nikaufungua. Nikasema, "Hata vigae vyako vya sakafu vinateleza, Mwalimu. Labda ni hivyo pia."

"Eh, kweli. Vigae! Sikufikiria kabisa."

"Usijilaumu sana. Yanatokea."

Yanatokea! Nilimwambia hivyo mzee wa watu, na nikamsindikiza hadi barabarani huku ananishukuru.

Wiki tatu zikapita, hamu ya kula sina. Nikaenda kwake nikijidanganya kwamba naenda kusalimia tu.

Mlango ulikuwa wazi. Nilichokiona kilinimaliza. Nyumba nzima ilikuwa imetandikwa mikeka ya mpira, kuanzia kizingitini hadi jikoni. Vigae havionekani. Kitanda cha Mwalimu kilikuwa kimeshushwa sebuleni, kwa sababu Sajini hawezi ngazi, na akiachwa chini peke yake analia.

Sajini aliniona, akatikisa mkia. Akajaribu kuinuka, nyuma ikakataa, akaja kwangu akijivuta kwa miguu ya mbele.

"Unatembea siku hizi, Mwalimu?" nikauliza.

"Na nani?" akacheka. Mguu wake ulikuwa umevimba, ameuegemeza juu ya kigoda. "Lakini sikiliza kituko. Nilimpeleka kwa daktari mmoja mama hivi. Akaniambia haya ni ya kurithi. Nikamkatalia! Nikamwambia mama yake huyu ana cheti, na aliyekitoa ni mwanafunzi wangu. Tumegombana mpaka nikaondoka bila kuaga."

Mzee alikuwa amegombana na mtu kwa ajili yangu.

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Nikapiga magoti juu ya ile mikeka na kumwambia kila kitu: picha ya kwanza, Sikio, kliniki ya pili, vigae. Kila neno lilitoka na machozi na kamasi, sina cha kuficha.

Mwalimu aliendelea kumkuna Sajini shingoni. 

"Darasa la tano nilikukamata ukinakili mtihani wa hesabu," akasema. "Unakumbuka nilijuaje?"

"Nakumbuka."

"Sema."

"Niliandika hadi jina la niliyemnakilia."

"Safari hii umekuja mwenyewe, umeandika jina lako." Hakutabasamu. "Nenda nyumbani."

Nikaenda. Nilijua nimempoteza.

Kesho yake asubuhi akashuka kwenye teksi mbele ya geti langu, na mkononi ana kamba ya mbwa isiyo na mbwa.

"Cheti ninacho," akasema. "Nimekuja kumchukua mwenye cheti."

"Mwalimu..."

"Mama mdogo wa Sajini. Mlete. Sajini atabaki na mimi hadi siku yake, na wewe utalipia matibabu yake. Lakini mimi nahitaji wa kunitoa nje."

Sikio alilala miguuni mwangu kila siku kwa miaka minne. Ndiye niliyemwita mbaya, nikamnyima uzazi, kisha nikaazima nyonga zake. Nilimvisha ile kamba mwenyewe. Aliondoka bila kugeuka nyuma, sikio moja juu, jingine limelala.

Kabla ya kupanda teksi, Mwalimu alichomoa ile karatasi mfukoni akanirudishia.

Sikuifungua mpaka teksi ilipopotea. Jina la Malkia lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu. Juu yake ameandika, kwa ule mwandiko wa ubaoni: Sikio.

Na chini kabisa: Fanya masahihisho.

Sajini alipasuliwa nyonga moja, ya pili inasubiri. Malkia nimemfunga kizazi. Watu sita walionunua watoto wengine wa Malkia nimewapigia simu mmoja mmoja. Wawili wamenitukana, mmoja amelia, na watatu wamewapeleka mbwa wao kupigwa eksirei.

Wafugaji wenzangu, daktari akisema usimpandishe, basi usimpandishe, hata kama umeshatangaza dunia nzima. Kuna mtu atakiamini kile cheti kuliko macho yake, ataanza kujilaumu kwa makosa yako, na wewe utakuwa umesimama pale unamsikiliza.

Ninyi wa kundini niliowaita wauza vilema, mmesoma hadi hapa. Picha ya cheti chenye wino mwekundu nimeiweka chini.

Haya ndiyo masahihisho yangu.